Miji Niliyoikata kwa Bati

Nilisoma mpaka darasa la nne, na leo nina ploti tatu za kupangisha Ruiru, za mawe, maji ndani ya nyumba. Sijisifu, naeleza tu. Wapangaji wangu wengine wana digrii, na bomba likipasuka ni mimi wanaita.

Mkono ndio ulinitoa. Miaka ya tisini nilikuwa kwa ghala moja la kahawa Thika, kazi yangu kukata herufi kwenye vipande vya bati. Unalaza bati juu ya gunia, unapitisha brashi yenye rangi nyeusi, ukiinua unapata jina la mji kahawa inakoenda. Hamburg. Genoa. Vienna. Thika nzima hakukuwa na mtu wa kukata S kama yangu. Sijui kama nilikuwa nasoma au nachora, lakini zilinyooka.

Mwenzangu alikuwa Mwislamu wa mtaa wa Majengo, rika langu. Yeye alisoma karatasi za wanunuzi, halafu akapaka rangi. Ujanani alipakia meli Mombasa, akasikia mabaharia wakitaja makwao. Mimi nilimwita Karani. Yeye aliniita Profesa, na alijua inaniuma.

Sasa, karatasi ya ofisi ilikuja na Genoa, ya mnunuzi ikaja na Genova. Kwangu jina jipya lilikuwa mji mpya. Nilikata bati lingine nikalitundika ukutani kwa msumari. Ukuta ukajaa.

"Profesa, mji huu tayari unao," akaniambia siku nilipomaliza Wien. "Wien ndiyo Vienna. Wenyewe wanaita Wien. Mwingereza ana lake."

"Mtu anabadilishiaje watu jina la mji wao?"

"Wewe ulizaliwa wapi?"

"Murang'a."

"Na wakati huo wazungu walipaitaje?"

"Fort Hall."

"Mkahama?"

Akacheka peke yake. Mimi nikaendelea kukata. Nyumbani nilikuwa nimeshawaambia watu kahawa yangu inafika miji thelathini Ulaya, na sikuwa tayari kuipunguza kwa sababu ya mtu wa kupaka rangi.

Halafu kukaja kupunguza wafanyakazi. Kila kiwanda Thika kilikuwa kinapunguza watu mwaka ule, ukikutana na mtu mchana mjini huulizi habari za kazi. Kwetu meneja mpya alipita kila idara, na kwa idara yetu akasema wazi: hapa ni watu wawili, atabaki mmoja. Nilikuwa na msingi umechimbwa Ruiru na mke mwenye mimba. Karani alikuwa na watoto watano.

Meneja akasimama mbele ya ukuta. Akayasoma mabati moja moja.

"Kuna miji hapa imekatwa mara mbili," akasema. "Mingine mara tatu. Antwerp, Antwerpen, Anvers. Hii yote ni bati la kampuni. Ni nani hajui anachofanya?"

Nikasema, "Bwana meneja, mimi hukata ninachosomewa. Anayesoma ni huyu."

Haikuwa uongo. Kila neno hapo lilikuwa la kweli, na ndiyo maana limekaa nami mpaka leo. Uongo ningekuwa nimeshausahau.

Karani aliniangalia. Nilidhani atasema kwamba alinikataza, kwamba sikumsikiliza. Akasema tu, "Ni kweli, mimi ndiye husoma."

Ijumaa akaondoka. Meneja akaamuru libaki bati moja kwa kila mji, la Kiingereza, akayaonyesha mengine kwa kidole, nikayapiga nyundo mwenyewe.

Wanunuzi lakini hawakuambiwa. Karatasi zao ziliendelea kuja na majina ya kwao. Lisboa nilikisia, ilikaribia Lisbon. Ya pili ikaja na Livorno. Niliangalia ukuta wote, hakuna kitu kilichofanana nayo. Kuuliza ofisini ni kusema nani hajui anachofanya. Saa ya chakula nikafunga ovaroli kwenye mfuko nikaenda Majengo.

Nilimkuta nje ya nyumba yake akitengeneza jiko la mafuta la mtu. Mke wake aliinua macho, akasalimu, akarudi kwa sufuria yake.

"Profesa," akasema Karani. "Karatasi gani imekushinda?"

"Livorno."

"Leghorn."

"Leghorn si kuku? Wale weupe wa mayai?"

"Kuku walitoka huko wakaitwa kwa jina la mji. Siku hizi hata Waingereza wengi wameliacha, lakini bati lako lina jina la zamani. Paka hilo hilo."

Hakuniuliza habari za kazi. Nilirudi nikapaka, magunia yakaenda. Mwezi uliofuata nikaenda tena, na mwingine. Mimi, mtu asiyeomba mtu kitu, nilijua njia ya kwake kama ya kwangu. Alinijibu kila mara, na kila mara nilitoka pale nimechoka kuliko mtu aliyebeba magunia yenyewe.

Mara ya nne au ya tano nilikuwa na København mfukoni. Alisoma, akakunja karatasi, akaishika.

"Leo nijibu wewe kwanza," akasema. "Huyu mama watoto anaamini nilifukuzwa kwa kutojua kusoma. Nimechoka kumweleza. Nani alikata yale mabati?"

Mke wake aliacha kukoroga. Ningeweza kusema tena kwamba mimi hukata ninachosomewa.

"Ni mimi," nikasema. "Alinikataza, nikakata. Na kwa meneja nikamwachia yeye."

Mama aliniangalia mpaka nikatazama chini.

"Copenhagen," Karani akasema, akanirudishia karatasi.

Nikarudi ghalani nikapaka Copenhagen, gunia baada ya gunia, mpaka saa kumi. Meneja sikumwambia lolote. Nilikaa kwenye kazi ile miaka mingine mitatu, ploti ya kwanza ikafika kwenye paa. Majina mengine yaliyokuja baada ya hapo nilimuuliza msichana wa ofisini, mbele ya watu.