Huenda ya Mkurugenzi

Sijui ni nani aliyeamua kwamba mkutano wa wazazi wa shule ya Kiingereza lazima uendeshwe kwa Kiingereza. Mkurugenzi wetu pale Mbeya, mwenye shule yake, Kiswahili anacho, tena kingi. Maharage yakiungua jikoni, mpishi anakisikia mpaka getini. Lakini wazazi wakishakaa kwenye viti vya plastiki, anafunga tai na kukisahau chote. Na wazazi, wengi wao wafanyabiashara wa soko la Mwanjelwa, wanampigia makofi kila anapovuta pumzi. Wanaona fahari, maana Kiingereza ndicho walichowatafutia watoto wao. Mimi nilikuwa mwalimu wa Kiingereza, na makofi yale yalinichefua.

Wiki ile nilikuwa nawafundisha darasa la saba jinsi Mwingereza anavyopima uwezekano. Niliwaambia kwamba “may” na “could” mara nyingi hubebeshwa neno la pembeni la kuongeza nguvu au kuipunguza. “It may well rain” ni mvua ya kukufanya uanue nguo. “It could possibly rain” ni wingu la kutazama tu, nguo ziache kambani. “It will certainly rain” ni Mbeya mwezi wa tatu. Wakacheka. Binti mmoja alilishika somo lile kabla sijafuta ubao. Mama yake aliuza vitenge Mwanjelwa, waliishi wawili tu, na binti alikuwa amefaulu usaili wa shule ya bweni huko Iringa. Shule hiyo iliwataka wathibitishe nafasi kufikia Ijumaa, la sivyo apewe mwingine.

Mkutano wetu ulikuwa Jumatano. Wazazi walitaka kusikia jambo moja tu: je, shule yetu itafungua kidato cha kwanza? Sisi walimu tulijua kibali hakipo, na hayo madarasa yenyewe yalikuwa msingi ulioota majani. Mkurugenzi akasimama, akakohoa, akasema, “We could possibly open Form One in January.” Maneno ya mwanzo aliyamung’unya. “January” aliinadi kama muuza mitumba. Ukumbi ukalipuka kwa makofi.

Yule mama wa vitenge alikaa mstari wa mbele, binti yake amemwinamia sikioni akimtafsiria. Nilikuwa nimesimama nyuma yao, nikasikia kila neno.

“Amesema wanafungua Januari, mama. Ni hakika.”

“Alhamdulillahi,” mama akasema. “Basi mambo ya Iringa tuachane nayo.”

Mtoto sikumkasirikia. Nilimkasirikia mtu mzima aliyechagua maneno yake kwa makusudi, ili wazazi wabaki na watoto wao pale na kesho asiwepo wa kumbana. Ule niliuona wizi, na mpaka leo naiona hivyo hivyo tabia ya kumwahidi mtu kwa lugha ambayo hawezi kukuulizia swali. Sikuomba hata ruhusa.

“Wazazi, mkurugenzi hajasema anafungua,” nikasema kwa sauti. “Amesema huenda, tena huenda ile ndogo kabisa. Msiache nafasi za watoto wenu kwa sababu ya hiyo.”

Kiswahili kikamrudia mkurugenzi papo hapo. “Mwalimu, kaa chini! Unaniharibia shule!”

“Basi sema kibali unacho.”

Akaishika tai yake.

Mama akamgeukia binti yake taratibu. “Wewe si umeniambia hakika?”

Binti akaanza kulia. “Nikienda bweni nani atakuchoma sindano ya sukari? Ukiiona tu unafumba macho.”

Watu wakatazama chini. Wengi walikuwa majirani zake wa sokoni, na nadhani hakuna hata mmoja aliyejua kwamba anaumwa. Mama akafunga ushungi wake upya. “Nitajichoma mwenyewe,” alisema. “Iringa unaenda.” Kisha akaniangalia mimi. “Na wewe mwalimu, hukuweza kuniita pembeni?”

Alikuwa sahihi, na hilo nalo liliniudhi.

Kesho yake mkurugenzi aliniambia nisirudi tena. Nilikusanya vitabu vyangu nikaondoka. Januari ikafika, kidato cha kwanza hakikufunguliwa, na wazazi waliomwamini wakahangaika kutafuta shule huku wenzao wameshaanza masomo. Sijamsamehe. Nikikutana naye mjini navuka barabara, nisije nikamtukana mbele za watu.

Binti alikwenda Iringa. Siku moja mchana nikapitia kwenye kibanda cha mama yake kumjulia hali. Nilimkuta nyuma ya vitenge vilivyoning’inizwa, amekaa kwenye kigoda, gauni amelipandisha juu ya paja, sindano mkononi. Macho ameyafumba. Wali wake ulikuwa umeshapoa kwenye sahani.

“Habari za hapa, mama,” nikamsalimu.

Alifumbua macho, akanitazama.

“Ulitaka aende,” akasema. “Ameenda.” Akaninyooshea ile sindano. “Haya, njoo unichome wewe.”

Niliweka mkoba chini nikamuuliza maji ya kunawa yako wapi.