Soda Yenye Kizibo

Jumapili iliyopita nilikuwa mtaani Makanyagio kwa rafiki yangu wa siku nyingi, mama ambaye kwake huwa naingia bila kubisha hodi. Paka wake alikuwa amegeuza gunia la mkaa kuwa choo, na jiko lilipowaka, moshi ukatutangazia habari yote. Mbele ya majirani nikaziba pua na kuyumba kama niko jukwaani.

“Dada, leo umepika maharage au umempika paka?”

Watu wakacheka hadi kushika mbavu. Yeye akafunika sufuria taratibu.

“Ungeniita pembeni, kaka.”

Jana nilirudi. Mkaa uko kwenye ndoo yenye mfuniko, paka ana boksi lake la mchanga nje, na sakafu inanukia sabuni. Maharage yalikuwa yanachemka, lakini mimi nililetewa kiti cha wageni, na juu ya sinia soda yenye kizibo na kifungulio pembeni.

“Fungua mwenyewe, mgeni wetu,” alisema kwa upole, “uhakikishe haijaguswa.”

Ndugu msomaji, kuhusu paka nilisema kweli tupu. Nikainywa soda yangu peke yangu, majirani wakinawa mikono na kuizunguka sahani moja ya maharage.