Chapati Zilizorudi kwa Mwenyewe

"Mtu akikubishia mlango siku ya Krismasi na sahani mkononi, utamwambia nini?"

Mama aliniuliza hivyo asubuhi akichagua mchele, bila kuinua macho. Nilikuwa mwaka wa pili chuo kikuu na nilikuwa na neno la kusema juu ya kila kitu: kwa nini mchungaji apige kelele kana kwamba Mungu hasikii vizuri, kwa nini watu wanaokula sukuma wiki mwaka mzima wajishindilie mafuta siku moja na kuiita ibada. Lakini mama nilimwambia tutaona tu.

Tuliishi mtaa wa Huruma, ghorofa ya pili. Baba alikuwa dereva wa lori. Kidole gumba cha mguu wake wa kushoto kilikuwa na kidonda kisichotaka kupona, na kliniki walikuwa wamemwambia ni ugonjwa wa sukari. Sukari isiposhuka kufikia Januari, walisema, kidole kitakatwa. Majirani hawakujua. Aliwaambia aliangukiwa na gurudumu, nao wakampa pole ya gurudumu.

Kliniki walimpa vidonge vya kila siku, na pia karatasi ya vyakula. Kwa kuwa karatasi ilikuwa ya Kiingereza, ikawa yangu, na jikoni pia pakawa pangu. Mkebe wa mafuta niliusukuma chini ya kitanda. Kuku nilimchemsha kwa nyanya na dania, kabeji nikaiivisha kwa mvuke, na wali wa baba nikaupima kwa kikombe cha chai. Alipoketi nilimwambia atafune polepole, aweke kijiko chini kila baada ya tonge, na alisikilize tumbo lake likisema limetosheka.

"Nisikilize nini?"

"Tumbo, baba."

Akainamisha kichwa, akatega sikio. "Linasema halijaona chakula, mama." Aliniita mama kwa sababu nilipewa jina la mama yake, na mama mwenyewe akacheka hadi akashika meza.

Kisha sahani zikaanza kuja. Katika jengo letu kila nyumba ilipelekea nyumba nyingine chakula, kimefunikwa kwa sahani ya pili, na hakuna aliyekataa. Kufikia saa nane tulikuwa na pilau mbili, mandazi, na chapati tatu za malenge, za manjano, zinazong'aa mafuta, kutoka kwa mama mmoja wa ghorofa ya chini aliyeuza mboga sokoni. Baba akavuta kiti karibu na meza.

Hapo ndipo nilipojiona mwerevu. Nilihamisha kila kitu kwenye sahani zetu na kukisambaza kwa nyumba nyingine. Mandazi yakaenda mlango wa pili, pilau mlango wa tatu. Chapati nilizipandisha ghorofa ya nne, kwa watu waliokuwa na wageni wengi. Sikufikiri kwamba nao walihitaji cha kupeleka chini.

Saa tisa mlango ukabishwa. Alikuwa yule muuza mboga, ameshika sahani ya watu wa ghorofa ya nne.

"Hizi ni zangu," alisema. "Nimeamka saa kumi na moja kuzikanda. Nimezileta hapa, sasa zimenirudia kutoka juu. Zilienda matembezi?"

Mama alimwambia aketi. Hakuketi.

"Kama mnadhani nimeweka kitu ndani, semeni. Tumeishi hapa miaka sita."

Nilisema ni mimi niliyezipeleka.

"Wewe, msomi? Huko chuoni ndiko mnafundishwa kuogopa mikono ya watu?"

Nilifungua mdomo nimweleze kuhusu sukari. Baba akaniangalia. Sikuwahi kuangaliwa hivyo naye, wala kabla wala baadaye. Ningesema nini kingine? Sababu niliyokuwa nayo ilikuwa moja tu, na haikuwa yangu kuitoa.

"Huyu mtoto amechanganya sahani," baba alisema. "Lete hapa, mama. Nilikuwa nikizitafuta."

Akakunja chapati ya kwanza akaila mbele yake. Akala ya pili. Yule mama akaanza kutabasamu, akavuta kiti, akauliza kama nyumba hii haina soda. Mama akafungua mbili. Baba akala ya tatu, akainywa soda yote, akajipangusa vidole, akasema hajala chapati kama hizo tangu azaliwe. Mimi nilisimama kando ya jiko na kijiko mkononi. Kama ningeziacha mezani mchana ule, labda angemega nusu moja.

Januari walikikata kidole.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba chapati zile ndizo zilizomkatisha kidole, na kwamba ni mimi niliyemlisha. Sikumwambia mtu. Baba alikuwa amekwisha kufa, na mimi nina watoto wakubwa, mama aliponieleza tukiwa tunamenya viazi kwamba vidonge vya kliniki vilimtoa baba jasho na kumtetemesha mikono akiwa kwenye usukani, na siku moja lori lilikaribia kutoka barabarani. Alihofia kufutwa kazi. Tangu Oktoba ya mwaka ule alikuwa akivimeza Jumapili tu, siku ambayo hakuendesha.