Bati la Kwanza Halikuwa Langu

Nimekosa. Naanza na hilo kwa sababu nikianza kujitetea nitajitetea mpaka karatasi iishe, na mke wangu anasema hiyo ndiyo tabia yangu. Jina langu sitaliandika. Majina ya wengine nimeyabadilisha, ingawa watu wa Kamukuywa, yalikotokea haya, wakisoma hapa watatujua tu.

Mimi ni mtu wa haraka. Nina duka la vipuri vya pikipiki mjini Kitale, na mteja hajamaliza kueleza shida yake mimi nimeshamletea spea, mara nyingi siyo yenyewe. Githeri ikiwa jikoni naifunua kila saa mpaka mke wangu ananifukuza. Chai inaniunguza ulimi kila asubuhi. Watu walikuwa wakinicheka, nami nilikuwa nacheka nao.

Simiyu ni rafiki yangu tangu shuleni. Wazazi wangu walitoka Nyeri wakaja kulima Trans-Nzoia, yeye ni Mbukusu wa huko Bungoma. Baba yake, ambaye hata mimi namwita Papa kama wanawe, alikuwa na kibanda cha kuvulia samaki chini ya boma lao, ukingoni kabisa mwa mto. Alikijenga kwa mikono yake, mbao na mabati. Ndani kulikuwa na kitanda cha kamba na mafiga, maana kambare wakianza kupanda alikuwa analala huko huko.

Baba yangu mzazi alipofariki, ndugu zangu walianza kuvutana kwa ajili ya shamba hata kaburi halijakauka. Nilikuwa kama mtu aliyepandwa na kitu. Sili, silali, natembea tu. Papa akamtuma Simiyu anichukue. Akanipa mshipi, akaniambia niketi mlangoni pa kile kibanda.

"Keti hapo," alisema. "Samaki haina haraka na wewe."

Nilikaa. Siku nzima, kesho yake tena, na zilizofuata. Mzee hakuniuliza chochote kuhusu shamba. Katika maisha yangu yote huyo ndiye mtu pekee aliyewahi kunikalisha chini nikatulia. Nakuomba ulikumbuke hilo unaposoma nilichomfanyia.

Miaka ikapita, mto ukaula ukingo. Kibanda kikaanza kuinama, nguzo za upande wa maji zikaoza, na watoto wa jirani walikuwa wanapanda juu yake kurukia majini. Simiyu alimbembeleza baba yake muda mrefu kabla ya kukubali kibomolewe. Mzee alipokubali, aliweka sharti moja tu, na aliliweka sote tukisikia.

"Bati ya kwanza nitatoa mimi. Msiguse kitu kabla sijafika."

Simiyu alinifafanulia tulipokuwa tukirudi Kitale. Kwao, nyumba ya mtu aliye hai haibomolewi mpaka mwenyewe aanze. Wengine wakianza bila yeye, hiyo inakuwa nyumba ya marehemu. Na kile kibanda, kwa sababu kilikuwa na kitanda na mafiga, kilihesabika kuwa nyumba. Aliniambia kwa Kiswahili kizuri tu. Siwezi kusema sikuelewa.

Ilikuwa Jumamosi. Tulikuwa watatu: mimi, Simiyu, na Jaspal, rafiki yetu Mhindi mwenye duka la mbao mjini, ambaye alikuja na pikapu ya kubebea mbao. Tulifika mtoni asubuhi. Simiyu akapanda bomani kumchukua mzee, ambaye miguu yake ilikuwa imevimba na mwendo wake ni wa polepole.

Tukangoja. Jaspal alijilaza ndani ya pikapu, kofia usoni. Mimi nikakizunguka kibanda. Nikahesabu mabati. Nikaupima mtaimbo mkononi, nikauweka chini, nikauokota tena. Upande wa Mlima Elgon mawingu yalianza kujikusanya meusi.

"Mvua inakuja," nilimwambia Jaspal.

"Wacha ikuje. Si tuliambiwa tungoje mzee?"

"Bati moja tu, hii ya pembeni. Imelegea, hata upepo ungeitoa."

Jaspal aliinuka akaketi. "Bana, ngoja mzee. Hiyo si yako."

Mikono ilikuwa inaniwasha, ndugu yangu, sina namna nyingine ya kusema. Niliingiza mtaimbo chini ya lile bati, nikaukandamiza. Misumari ilikuwa imeliwa na kutu, ikaachia bila hata kulia.

Na bati moja likitoka, la pili linakutazama. Nikapanda juu ya paa. Nikajiambia namsaidia mzee, miguu yake haina nguvu, atakuta kazi imepungua. Nilipandwa na kile kiherehere changu mpaka nikawa napiga mluzi. Jaspal aliendelea kuniita nishuke. Alipoona sishuki, akawasha pikapu akaisogeza mbali, asionekane kuwa pamoja nami. Nilipogeuka, paa lote lilikuwa chini, ukuta wa upande wa mto umeangukia majini, na Papa amesimama kwenye njia akiwa ameshikwa mkono na Simiyu.

Hakuwa amechelewa kwa sababu ya miguu peke yake. Alikuwa amenyoa ndevu. Alikuwa amevaa koti lake la arusini. Na mkononi alishika nyundo yake ya zamani, ile aliyokijengea kile kibanda, ameifunga kwa kitambaa safi.

"Nani ameanza?" aliuliza.

Jaspal alitazama chini. Simiyu alinitazama mimi.

"Ni mimi, Papa. Niliona mvua inakuja."

Mzee aliinua uso akaangalia mbingu, taratibu, kama mtu anayeikagua kweli. Kisha akaiweka nyundo kwenye nyasi.

"Sawa," alisema. "Basi mmemaliza na mimi."

Akageuka, akaanza kukipanda kilima cha bomani peke yake. Simiyu alitaka kumshika, akakataa mkono.

"Si nilikwambia?" Simiyu aliniambia. Hakupaza sauti. "Si nilikwambia ungoje?"

Na mvua yenyewe haikunyesha siku hiyo.

Nilidhani atakasirika wiki moja, nitapeleka sukari na blanketi, yataisha. Kumbe mzee hakulala tena bomani kwake. Alisema mtu ambaye nyumba yake imebomolewa kama ya maiti hana boma hapo. Akaenda Lwakhakha, kwa binti yake Nekesa aliyeolewa kule mpakani. Hebu fikiria. Mzee wa umri ule, mwenye ng'ombe na migomba yake, anakaa kwa mkwe! Kwao hiyo ni aibu isiyosemeka, na aibu hiyo mimi ndiye niliyeileta. Watu wa ukoo walimkalia Simiyu wakimuuliza ni rafiki wa namna gani aliyemleta.

Simiyu hakunitukana. Aliacha tu kupokea simu zangu. Alipokuwa akihitaji spea alizinunua Bungoma, na duka langu analijua kuliko ninavyolijua mimi.

Nilienda Lwakhakha. Nekesa alinipokea vizuri, akaniletea chai na viazi vitamu, akanikalisha chini ya kivuli cha nyumba. Nilimwona mzee dirishani, mgongo tu. Nekesa aliingia kumwita, akatoka amefunga mikono.

"Anasema nikwambie marehemu hapokeangi wageni," alisema. "Kunywa chai, shemeji, uende mapema. Barabara si mzuri."

Ile chai niliinywa ikiwa imepoa. Sikumbuki mara nyingine.

Usingizi ukanihama. Kila nikifumba macho naona lile koti. Na unajua mtu wa aina yangu akiwa na uchungu hufanya nini? Hutafuta shughuli. Nikaamua nitakijenga upya. Nilichukua mbao kwa Jaspal, nikafunga duka, nikaanza kushinda kule mtoni. Nilisogea nyuma kidogo, mbali na ukingo unaobomoka, nikachimba mashimo ya nguzo, nikapigilia kuta. Nikatafuta kitanda cha kamba sokoni Kachibora. Nikapanga mafiga. Nilijiona mwema kweli. Nilimwona mzee akirudi, akikuta kibanda kinang'aa, akinishika bega.

Lilikuwa limebaki bati moja niliposikia Simiyu akiniita kutoka chini. Nilifurahi. Nilidhani amekuja kunisaidia.

Aliingia ndani, akatoka, akazunguka. Kisha akaketi kwenye jiwe kama mtu aliyechoka sana.

"Shimo ya nguzo ya kwanza ilichimbwa na nani?"

"Mimi."

"Ulimuuliza mzee?"

Kule juu ya paa, nililitazama lile bati mkononi.

"Ulibomoa bila yeye," Simiyu alisema. "Sasa umejenga bila yeye. Hii ni nyumba ya nani, rafiki yangu? Kwa sababu ya mzee siyo."

Ndipo nilipoelewa. Hata toba yangu niliifanya kwa haraka, nipate kupumua mimi. Mzee alikuwa kisingizio tu. Nilishuka na lile bati, nikaliweka kwenye nyasi, nikalia mbele ya rafiki yangu kama mtoto.

Simiyu alinipelekea maneno Lwakhakha, sijui aliyasema vipi. Jibu lilirudi kwa mdomo wake, akanipigia simu mara ya kwanza tangu siku ile: "Papa anasema hiyo bati usiiguse. Anasema akitaka kuja, atakuja."

Hakusema lini. Nami nilianza kuuliza lini, nikajikamata.

Kwa hiyo wewe unayesoma, ambaye mikono inakuwasha kama yangu, sikia. Ukiambiwa mngoje mtu, mngoje. Usijidanganye kwamba unamsaidia. Kazi unayoiona inachelewa huenda kwake ndiyo kuaga kwenyewe, na huwezi kuaga kwa niaba ya mtu mwingine. Na ukishakosa, usikimbilie kurekebisha kabla hujamuuliza uliyemkosea anataka nini.

Siku hizi kila Jumapili baada ya kanisa naenda mtoni. Siingii ndani. Naketi nje ya mlango na mshipi, nyundo ya mzee, ile aliyoiacha kwenye nyasi, kando yangu. Mvua ikinyesha inaingia kwa ile nafasi ya paa, inalowesha kitanda nilichokinunua, na mimi nasikia kila tone. Bati liko pale pale kwenye nyasi. Ningeweza kulipigilia kwa muda mfupi sana.

Siligusi.