Kwanza Anakivaa Yeye

Geneviève hupamba nyumba za watu mjini Bunia, mashariki mwa Kongo. Huchagua rangi ya kuta, rido za madirisha, vitambaa vya viti, hata mahali pa kutundika taa. Alitoka Mahagi akiwa na miaka kumi na tisa, akajifunza kushona rido kwa shangazi yake. Mengine alijifundisha kwa kuingia nyumba za watu na kuangalia.

Kila kitambaa alichotaka kutundika kwa mteja alikivaa kwanza yeye. Alinunua mita tatu kwa pesa yake, akampelekea jirani yake Vahwere, mshonaji, na Vahwere alimkatia gauni la namna ile ile siku zote: mikono inayoishia kwenye kiwiko, mifuko miwili mikubwa ya kutia mita ya kupimia na kalamu. Alilivaa juma zima. Alipanda nalo pikipiki, alipika nalo, alilifua na kulianika juani. Wakati wa kiangazi vumbi jekundu lilimwonyesha upesi rangi gani inaonekana chafu kabla ya saa sita. Kitambaa kilichochuja hakikumfikia mteja. Kilichofaulu kilibaki kabatini mwake. Vikwembe, yaani vitenge, vya maua alikuwa navyo vinne tu, vya harusi na matanga.

Mwaka jana alimaliza kupamba saloni, yaani sebule, ya Monique, mwenye duka la simenti. Rido zilikuwa za bluu iliyokoza, zenye majani madogo ya rangi ya fedha. Jumapili moja, baada ya misa, Monique alimkuta mlangoni mwa kanisa.

“Mama Geneviève, ile ni rido yangu unavaa?”

“Kitambaa ni kimoja, mama.”

“Kumbe ulikata yangu!”

“Hapana. Hii nilinunua mbele ya kununua yako. Nilitaka kuona kama inachuja.”

Watu walikuwa wamesimama wakisikiliza. Kesho yake Geneviève alikwenda nyumbani kwa Monique na mita yake, akapima kila dirisha mbele ya Monique na mume wake, Isidore. Hakuna kilichopungua.

“Monique,” Isidore alisema, “rido iko yote. Mama hakuiba kitu.”

Monique aliketi. Sauti yake ilikuwa imeshuka.

“Sisemi tena kama aliiba. Hii nyumba tulijenga myaka saba. Nilitaka kitu moja yenye mutu mwingine hana. Sasa weye unaitembeza mu soko.”

Geneviève alikuwa amejiandaa kujitetea kuhusu wizi, na habari ya wizi ilikuwa imekwisha. Kwa miaka ishirini kitambaa kwake kilikuwa kitu cha kujaribiwa. Hakuwahi kujiuliza mwenye nyumba anaona nini anapomwona barabarani. Alikunja mita, akaaga.

Alimwomba Vahwere alifumue lile gauni. Vahwere alikataa.

“Yaya, dada yangu, gauni muzuri hivi? Yule mama ataisahau tu.”

Geneviève alilifumua mwenyewe kwa wembe, mshono baada ya mshono, akavipiga pasi vipande na kumpelekea Monique. Monique alivipokea mlangoni, akasema “Aksanti,” wala hakumkaribisha ndani. Baadaye Isidore alisema kwamba vimekuwa foronya za mito midogo ya viti.

Geneviève hakuacha desturi yake ya kujaribu vitambaa. Siku hizi huvivaa ndani ya kiwanja chake tu, akipika na kufagia. Kwa kutoka, Vahwere alimshonea magauni matatu yaliyofanana, ya kijivu cha mkaa, rangi ambayo hakuna mteja aliyewahi kuiomba. Majirani waliuliza, “Uko mu matanga?” Alijibu hapana. Baada ya miezi michache waliacha kuuliza, na mafundi walianza kumtambua kutoka mbali.

Mwezi uliopita Olivier, mwenye hoteli ndogo, alimwita kwa ajili ya vyumba vyake sita. Geneviève alimtandazia sampuli mezani. Olivier aliziangalia kidogo, kisha akaelekeza kidole kwenye mkono wa gauni lake.

“Mimi ninataka hii. Vyumba yote.”

Kitambaa kile kilikuwa bado kinauzwa sokoni, marobota mawili, naye alijua. Geneviève alimkumbuka Monique, akazisogeza sampuli karibu na Olivier.

“Ile haiko tena, papa,” alisema. “Chagua ingine.”