Sindano Iliyooshwa kwa Udongo

Mimi ni mtu wa kinyaa, na riziki yangu Mungu akaiweka kwenye uuguzi. Katika zahanati ya kijiji chetu cha ujamaa, pande za Kiranjeranje, nilisafisha vidonda vyenye funza na kumwaga makopo ya makohozi, kisha nikirudi nyumbani chakula hakipiti. Wenzangu walizoea. Mimi sikuzoea hata siku moja, na wanaosema kazi huua kinyaa waje waniambie mimi.

Kilichonichukiza kuliko vyote kilikuwa jikoni kwangu mwenyewe. Mama yangu mzazi, niliyemchukua kutoka Kiswere baada ya baba kufariki, alikuwa na kisukari. Kila asubuhi nilidondosha mkojo wake kwenye dawa ya buluu ndani ya kichupa cha kioo, nikauchemsha, nikaziba pua kwa upindo wa kanga. Ukigeuka kijani, afadhali. Ukigeuka rangi ya tofali, sukari imepanda, na mvuke wake uliniganda kooni mpaka adhuhuri.

Dawa yake ilikuwa insulini, ya kujichoma pajani kila siku. Bila hiyo angekauka akafa, na nilishaona wagonjwa wawili wakifa hivyo. Chupa nilizifuata Lindi mjini, nikazitunza kwenye mchanga mbichi chini ya mtungi wa maji, maana jokofu hatukuwa nalo. Siku zile insulini ilitolewa kwenye kongosho za wanyama waliochinjwa Ulaya. Mara ng'ombe, mara nguruwe. Kilicholetwa ndicho hicho. Siku ya kwanza mama aliniuliza, "Imetoka kwenye nini hii?" Nikamjibu, "Ng'ombe, mama." Kizungu cha kwenye boksi hakukijua. Miaka mitatu nikajibu ng'ombe, hata pale boksi liliposema nguruwe, na mimi mwenyewe sikuweza kuishika chupa ile bila kwenda kunawa.

Aliyenifichua ni katibu wa kijiji, mtu mstaarabu asiyekusudia ubaya. Alikuja kumjulia hali mama, akaokota boksi tupu, akalisoma kwa sauti na kututafsiria: ya nguruwe. Lakini mama hakunigombeza, wala sindano hakuigomea.

Kumbe kesho yake alikwenda kwa shehe wa msikiti wetu. Aliona haya kumwambia kwamba bintiye anamtilia nguruwe mwilini, basi akauliza tu, chombo kikiguswa na majimaji ya nguruwe hutwaharishwaje? Shehe akamjibu kama anavyojibiwa kila mtoto wa madrasa pwani hii: kioshwe mara saba, moja kwa udongo. Lilikuwa jibu sahihi kabisa la chombo. Shehe wa watu angejuaje kwamba chombo chenyewe ni sindano?

Alfajiri nilikuwa naichemsha sindano ile ya kioo, naiacha ipoe, naenda zahanati. Mama alijichoma mwenyewe, nilimfundisha. Basi nikishatoka, alichota udongo chini ya mkorosho, akauchekecha kwa chekeche ya unga ili uwe laini, akausugua ndani ya bomba na kwenye ncha, kisha akasuuza kwa maji mara sita. Akapiga bismillahi, akajichoma.

Paja likavimba. Alilificha mpaka homa ikamtetemesha, na nilipoinua kanga nikakuta jipu kubwa kama dafu. Nililipasua mwenyewe. Usaha uliruka ukanipata shingoni, wa kijani, unanuka kama dagaa waliooza, na kila nilipobinya ulitoka mwingine. Nikakimbilia dirishani kutapika, nikarudi, nikaendelea kukamua. Baadaye nikaitazama sindano, nikaona punje za udongo ndani ya bomba. Mama akaniambia yote, bila kuficha. Nikamfokea, paja lake likiwa wazi mbele yangu, nikamwita mjinga. Neno hilo nalionea kinyaa mpaka leo.

Alilazwa Lindi miezi miwili. Paja likabaki na shimo la kuingia yai la kuku. Tangu hapo kila boksi alimpelekea katibu amsomee. Likiwa la ng'ombe, alichoma. Likiwa la nguruwe, alikaa bila. Shehe mwenyewe, alipopata habari, alikuja kumweleza kwamba dharura inaruhusu. Mama akamwitikia vizuri, na shehe alipotoka akaniambia, "Hiyo ni ruhusa, si amri." Akakonda, mkojo ukawa rangi ya tofali kila siku, sisimizi wakajipanga bafuni kufuata sukari yake. Nilijua nitamzika.

Ilikuwa miaka ile ya mwisho ya ujamaa, hata sabuni tunaipangia foleni, daktari mmoja wa Lindi aliponipa chupa za aina mpya alizoletewa na rafiki yake kutoka ng'ambo. Hazikutoka kwa mnyama. Alinieleza kwamba wameyachukua yale maelezo yaliyomo mwilini mwa binadamu, yanayouongoza mwili kutengeneza insulini, wakayapandikiza ndani ya kijidudu. Kijidudu wakakifuga kwenye mapipa makubwa kikazaliana, na kila kimoja kikawa kinatengeneza insulini ya mtu. Mwisho vinauawa, dawa inachujwa mpaka ibaki peke yake. Wengine wanajaribu kwa hamira, akasema, hii hii ya maandazi. Nikamuuliza hiki ni kijidudu gani. Alipokitaja nikakijua. Ni kile cha utumbo mpana, ambacho kwa ajili yake kila wiki nilisimama mbele ya wanakijiji nikiwahimiza wachimbe vyoo. Cha mavi!

Nilirudi juu ya lori la korosho, chupa nimezifunga kwenye kitambaa kibichi. Nimemkimbia nguruwe nimeangukia chooni. Njiani nikatunga uongo wa hamira. Ulikuwa uongo mzuri, msafi, ungemtosha mama kabisa. Lakini nilipofika nikamkuta barazani anajikuna lile kovu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Imetoka kwenye nini?"

Uongo wa hamira nikauacha. "Kwenye kijidudu."

"Cha wapi?"

"Cha tumboni. Cha mavi, mama. Lakini wamekiua, dawa wameisafisha."

"Mavi ya nguruwe?"

"Ya mtu."

Akacheka, kicheko ambacho sikukisikia tangu atoke hospitali. "Mavi ya mtu! Nimewatawaza watoto saba kwa mkono huu, na wewe ndiye uliyeharisha kuliko wote. Hayo huoshwa kwa maji tu, yakitoka yametoka. Udongo wa nini?" Akaipandisha kanga mwenyewe, shimo likaonekana. "Haya, choma."

Nilichemsha sindano mbele yake. Nikavuta dawa, nikatoa mapovu, nikatafuta nyama pembeni ya kovu. Sindano ilipoingia akanishika kiganja.

"Miaka mitatu uliniambia ng'ombe," akasema. "Hiyo ndiyo sijui inaoshwa mara ngapi."