Bwana Tarehe na Koplo wa Kombania ya Pili

Katika chuo kimoja cha kufundishia makuruta palikuwa na sajini ambaye jina lake halisi lilibaki kwenye kitambulisho tu. Watu wote, kuanzia wapishi hadi mkuu wa chuo, walimwita Bwana Tarehe. Ukimuuliza kikosi kilianzishwa lini, alikutajia mwaka, mwezi na siku, na usipokuwa mwangalifu alikwambia na kama siku hiyo mvua ilinyesha.

Aliingia jeshini akiwa na miaka kumi na tisa, roho yote iko kwenye kuruka na mwavuli kutoka kwenye ndege. Mwaka wa nne akaanguka mazoezini, goti likavunjika, likaungwa shaghalabaghala, akapewa chaki badala ya mwavuli. Tangu hapo, kwa miaka kumi na sita, alifundisha historia na mila za kikosi: kwa nini askari wake huvaa kamba nyeupe bega la kushoto, kwa nini bendera haikunjwi na mtu mmoja, kwa nini ofisa ndiye wa mwisho kupakuliwa chakula bwaloni.

Alilipenda somo lile kama mtu anavyompenda mwanawe wa pekee. Ila kulifundisha, hapo ndipo palipokuwa na kazi. Alisimama wima kama mlingoti, akasoma tarehe moja baada ya nyingine kwa sauti ya mtu anayeita majina ya wagonjwa. Makuruta waliokuwa wamekimbia tangu alfajiri walipigana na usingizi kiume, lakini usingizi uliwapiga mweleka mmoja mmoja. Aliyekoroma alipata kipande cha chaki katikati ya paji la uso. Bwana Tarehe hakuwahi kukosa shabaha.

Mwaka ule makuruta walikuja wengi, darasa moja lisitoshe. Meja, mkuu wa chuo, akaligawa: Kombania ya Kwanza ikabaki kwa Bwana Tarehe, Kombania ya Pili ikapewa koplo mmoja wa kike aliyerudi kutoka kozi ya ukufunzi. Koplo huyo alikuwa mwembamba, na sauti yake ilikuwa kubwa kuliko umbo lake. Miaka sita nyuma alikuwa kuruta wa Bwana Tarehe mwenyewe, kiti cha mbele kabisa.

"Afande, sikutegemea kufundisha pua na mdomo na wewe," alimwambia siku ya kwanza, akiwa amebana visigino. "Nikikosea uniambie."

"Nitakwambia," alijibu Bwana Tarehe, na siku hiyo alimaanisha.

Madarasa yao yalitenganishwa na ukuta wa mbao nyembamba. Siku ya tatu, kicheko kikapenya. Bwana Tarehe akasimamisha chaki hewani. Kwenye historia ya kikosi kuna kichekesho gani? Akaendelea na tarehe zake. Baadaye kicheko kikakatika, kimya kikatanda upande wa pili, na kimya kile ndicho kilichomchoma hasa. Kimya cha watu waliolala alikijua vizuri, alikifuga miaka yote. Hiki kilikuwa cha watu waliosahau kupumua.

Wiki iliyofuata aliwaona kupitia dirishani. Koplo alikuwa amewatoa nje hadi kwenye shimo la matope la mazoezi, akafunga kamba toka ukingo hadi ukingo, anawafundisha Siku ya Mto. Hiyo ndiyo hadithi kuu ya kikosi. Zamani, kombania iliyokuwa ikirudi nyuma ilikuta mto umefurika. Kapteni wao alisimama majini hadi kifuani ameshika kamba, akihesabu kila aliyepita, na yeye akavuka wa mwisho. Makuruta wa koplo walikuwa wakivuka kweli, matope hadi masikioni, na mmoja wao amesimama katikati akihesabu huku meno yakimgongana.

"Afande," kuruta wake mmoja aliyekaa karibu na dirisha akauliza kwa hamu, "na sisi tutavuka?"

"Ninyi mtaandika," akasema Bwana Tarehe. "Mwaka, mwezi, siku."

Nyumbani alishika sahani bila kula. Mkewe, muuguzi wa zahanati ya kambi, alikuwa ameshasikia mambo kutoka kwa makuruta waliokuja kufungwa vidonda.

"Wanamsifu sana yule binti," alisema.

"Anawachezesha. Ile si historia, ni michezo ya chekechea."

Mkewe akacheka hadi akaweka kijiko chini. "Mume wangu, una wivu kama mke mwenza! Mwenzio kaletwa nyumbani, naye kapika vizuri."

Alisukuma sahani kando. Lakini neno lile lilimganda. Tangu siku hiyo akawa kila asikiapo "Koplo" anageuza shingo. Akahesabu makuruta waliomzunguka koplo baada ya kipindi, kisha wa kwake, ambao hawakuwapo. Akachunguza mwandiko wa koplo ubaoni akitafuta kosa, akaukuta umenyooka. Hata buti zake zilizong'aa zilimkera.

Mtihani ulipokaribia, koplo akaja ofisini kwake na daftari.

"Afande, naomba msaada. Kitabu cha kikosi kinasema waliovuka Siku ya Mto ni ishirini na tisa. Lakini nilipokuwa kuruta, nakumbuka wewe ulitutajia thelathini na mmoja, idadi tu bila maelezo. Nishike lipi?"

Bwana Tarehe alilijua jibu kama ajuavyo goti lake. Kitabu kiliandika askari tu. Palikuwa na wapagazi wawili, raia waliokuwa wakibeba mizigo ya kombania, na kapteni aliwahesabu pamoja na watu wake. Maelezo hayo, ambayo Meja pia aliyajua, yalikuwa kwenye karatasi moja ya zamani, iliyokuwa ndani ya faili lake, kwenye droo, karibu kabisa na mkono wake. Na kilichomshangaza ni kwamba binti huyu alikuwa amemsikiliza. Miaka sita, na bado analikumbuka.

Furaha ilimpanda, wivu ukaiwahi.

"Ulikuwa unasinzia kama wenzako," akasema. "Fuata kitabu. Ishirini na tisa."

"Asante, afande," akasema koplo, akafuta alichokuwa ameandika kwa penseli na kuandika upya.

Siku ya mtihani wa kuulizwa ana kwa ana, Meja alikaa mbele, kombania zote mbili zimepangwa uwanjani. Akamwita kuruta wa Kombania ya Pili.

"Wangapi walivuka?"

"Ishirini na tisa, afande!"

Akamwita mwingine, na mwingine. Wote jibu moja, kwa sauti ya kujiamini. Meja akasimama.

"Nani amewarudisha wapagazi wangu majini? Mila yote ya kikosi hiki ipo kwa wale wawili! Kapteni angewaacha, tungebaki na nini cha kujivunia?"

Koplo akapiga hatua moja mbele. "Kosa ni langu, afande. Mimi ndiye niliyewafundisha hivyo."

Hakugeuza hata jicho upande wa Bwana Tarehe, naye Bwana Tarehe akabaki amesimama, ulimi umekuwa gogo. Kombania yake ikajibu thelathini na mmoja, akapongezwa mbele ya wote. Koplo akaondolewa darasani, akapelekwa ghala la sare na buti. Makuruta wake wakaunganishwa na wa Bwana Tarehe, warudie somo.

Basi akapata alichokitaka. Jumatatu aliingia darasani, chumba kimejaa pomoni, akaanza Siku ya Mto, safari hii na wapagazi ndani. Hakuna aliyesinzia. Walimtazama tu. Msichana mmoja wa Kombania ya Pili akanyoosha mkono.

"Afande, nikiwa kapteni, halafu kuna mtu kati ya watu wangu simpendi. Naye nimhesabu?"

Hakuwa na hila, aliuliza kwa sababu anataka kujua.  Bwana Tarehe akaweka chaki mezani, akawaambia wasome wenyewe, akatoka akichechemea hadi ofisi ya Meja.

Alieleza yote akiwa amesimama. Meja alimsikiliza bila kumkatiza, kisha akauliza swali moja tu: "Kwa nini?"

"Wivu, afande. Sina jina jingine la kuupa."

Alivuliwa cheo kimoja, akawa koplo, akapelekwa ghala la sare. Yule binti akarudishwa darasani siku hiyohiyo. Walikutana mlangoni mwa ghala, yeye anakabidhi funguo, Bwana Tarehe anapokea.

"Nisamehe," alisema.

"Bado," akasema koplo. "Nilifuta ukweli kwa mkono wangu kwa sababu nilikuamini kuliko kumbukumbu yangu. Hilo litanichukua muda, afande."

Alimwita afande kwa mazoea, maana vyeo vilikuwa sawa sasa. Bwana Tarehe akampa faili lake zima, na ile karatasi ndani.

Mkewe hakumcheka safari hii. Alimkanda goti kwa maji ya moto, akasema, "Umechelewa, lakini umesema."

Bwana Tarehe alimalizia utumishi wake ghalani, akigawa buti na kuwafokea makuruta wanaodanganya namba za miguu yao. Miezi ikapita kabla ya koplo kuanza kupita pale na maswali, kwanza kwa ufupi, baadaye akivuta kiti. Wivu haukumtoka mara moja, wala hakudanganya kwamba umemtoka. Alipokuwa akipita karibu na darasa na kusikia kile kimya, bado ulimchoma. Alisimama kidogo chini ya dirisha, akasikiliza kama tarehe zimetajwa sawa, kisha akaenda zake kugawa buti.